Picha Tatu za Mkono wa Baba

Mpendwa mdogo wangu Leokadia,

Barua hii nimeianza mara nne. Naandika mstari, nainuka, naenda kuangalia kama kuku hawajauvamia mpunga ulioanikwa uani, narudi, nafuta. Leo nimejifungia studio na wateja nimewaambia warudi kesho. Naandika hadharani, palepale mtandaoni nilipoibandika ile picha ya baba, kwa sababu walioiona ni wengi, na haitoshi nikuombe radhi wewe peke yako kwa siri.

Unakumbuka siku uliyokuja hapa na Shija, kabla hajawa mumeo? Mlikaa kwenye benchi la wateja kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Ukasema, "Dada, mimi sitaki kupangwa. Tupige tulivyo." Nilifurahi mno, maana kwenye harusi nyingi ninazopiga hapa Ifakara kazi yangu kubwa ni kusukumana na watu: kamati sogeeni, mama mkwe cheka kidogo, bwana harusi shika kiuno hicho. Nikawapa onyo ninalowapa wote wanaotaka picha za namna yenu. Mtajiona mnatafuna. Mtaona jasho, kope iliyobanduka, mjomba anasinzia wakati wa nasaha. Msitegemee kila mtu atazame kamera, na msishangae shangazi fulani akilalamika kwamba hayupo kwenye safu, kwa sababu safu yenyewe haitakuwepo. Nitakaa pembeni mpaka mnisahau, na baada ya wiki chache nitawaletea siku yenu kama ilivyokuwa. Shija akauliza, "Kwa hiyo shemeji hutatudanganya?" Nikamjibu, kifua mbele, kwamba kamera yangu haijui uongo. Naona aibu hata kuliandika jibu hilo.

Na ilikuwa siku nzuri, jamani. Nilikupata ukimfokea msusi huku mdomo umejaa chapati. Nilimpata mama anaonja mchuzi na kukunja uso, kisha anamwambia mpishi ni mtamu sana. Wakati shangazi zake Shija waliotoka Chita wanaingia uani kwetu Katindiuka na nyimbo zao za Kisukuma, mama aliingia katikati yao akacheza kinyume, kila wakienda kulia yeye yuko kushoto, na wewe ukacheka mpaka shela ikalowa mchuzi. Picha hizo zote ni za kweli. Hadi leo nikizitazama nacheka peke yangu kama mwehu.

Halafu ikaja ile nyingine. Wewe ulikuwa ndani unabadilisha gauni, ndiyo maana hukuona. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa, na baba alikuwa ananawa, shangazi Tekla anammiminia maji kwa jagi, beseni liko chini. Mzee Masanja, baba mkwe wako, akaja amenyoosha mkono. Unajua kwetu mtu mwenye mkono wa maji hampi mgeni kiganja. Baba akaurudisha mkono haraka, akageuka kutafuta kitambaa. Alipokikosa akatoa kifundo cha mkono, mzee Masanja akakishika, wakacheka, kisha baba akajifuta kwenye shati lake jipya na wakashikana kwa mikono yote minne. Nilibonyeza mara tatu.

Ya kwanza ndiyo unayoijua. Baba kageuza uso, mkono wake unarudi kifuani, wa mzee Masanja umebaki hewani. Niliikata pembeni, shangazi Tekla na jagi lake na beseni lake wakatoka. Nikaifanya nyeusi na nyeupe. Nikaipa ukurasa mzima kwenye albamu yenu, kisha nikaibandika mtandaoni kama mfano wa kazi yangu, na watu wakaandika, "Hii picha inaongea."

Iliongea kweli. Ikawafikia ndugu zake mzee Masanja kule Kanda ya Ziwa, nao wakampigia simu: kumbe mkulima alikunyima mkono wewe mfugaji mbele za watu, nawe ukakaa ukala wali wake? Uliniambia kwamba mwanzoni alikuwa anacheka na kuwaeleza. Baadaye akaacha kueleza. Akawa anaifungua albamu na kuitazama picha ile, mpaka yeye mwenyewe aliyekuwepo akaanza kusema labda siku ile hakuelewa. Baba naye kaeleza mpaka kachoka, watu wanamjibu kwamba picha ipo. Sasa mnataka kumbatiza mtoto, na mzee Masanja amesema akiwepo baba, yeye haji.

Ukaniuliza kwenye simu, "Dada, ulikuwa na hiyo moja tu?" Nikasema ndiyo. Ukasema sawa. Tangu siku hiyo hupokei simu zangu.

Nilikudanganya, Leokadia. Zilikuwa tatu, na zote zilikuwa safi.

Nimejitetea kwa kila namna. Nilijiambia ile ya kwanza ndiyo nzuri zaidi, mwanga umekaa vizuri, picha ya harusi si lazima kila mtu awe anacheka. Maneno ya fundi hayo. Ukweli ni kwamba mwaka ule ng'ombe walipoingia shambani kwetu, zikiwa zimebaki siku chache tuvune, wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mpunga wote ukaliwa, ada ikakosekana, na aliyeacha shule ni mimi. Ng'ombe wale hawakuwa wa mzee Masanja, wakati huo hata bonde hili alikuwa hajalifikia, na nililijua hilo siku ya harusi kama ninavyolijua sasa. Lakini baba alishasamehe bila kuniuliza. Akampokea Shija, akamwita mwanangu, akacheka na baba yake. Mimi nilitaka mtu wa nyumbani kwetu awe bado ana hasira, kwa sababu mimi ninayo. Nilipoiona picha ile kwenye kompyuta nikampa baba hasira yangu.

Jana nilishindwa kukaa. Nikachapisha zote tatu bila kukata chochote, nikapanda treni hadi Chita. Nilimkuta mzee Masanja anakaza kamba za zizi. Nikapiga goti, nikampa shikamoo, nikamwambia nilichofanya kabla hajaniuliza habari za nyumbani. Alinawa, akajifuta vizuri, akazipanga picha kwenye gogo, moja, mbili, tatu. Akaweka kidole kwenye jagi la shangazi Tekla, akakiacha hapo.

"Basi nilikumbuka vizuri," akasema. Kisha, bila kunitazama, "Miezi yote hii nilidhani kichwa changu kimeanza kuharibika, mwanangu. Sikumwambia mtu."

Nililia pale zizini mbele ya ng'ombe wake. Hakunibembeleza, wala hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumwomba. Alizifunga picha ndani ya shuka lake, akaniambia niwahi treni. Kama atakuja kwenye ubatizo sijui.

Ile picha nimeiondoa mtandaoni na hizi tatu nimeziweka mahali pake, pamoja na barua hii. Wanaotaka kunifutia oda zao wafute. Ila kuna jambo moja sijaweza kulifanya: kumwambia baba. Kila asubuhi baba ananiuliza kama umepiga simu, maana anadhani yeye ndiye aliyekukosea kwa ule mkono wake. Mimi namwambia mtandao wa huko kwenu Masagati ni mbovu, anaitikia, anachukua jembe lake anatoka. Ukipanda pale mlimani mnapopatia mtandao na ukaisoma barua hii, usinipigie mimi. Mpigie yeye.

Dada yako aliyekukosea,
Skola