Naomi Hakuwa Mvivu

Mukendo, Musoma
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Nicolaus,

Pole na kazi ya barabara huko Mtwara. Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa? Mimi sijambo, na nyumbani Butiama mtama tumevuna kiasi. Simu yako haipatikani na Mama amekataa kunipa namba mpya, kwa hiyo barua hii nampa Hashimu, yule dereva wa lori aliyekuwaga anakuletea dagaa.

Mwanao Gabriel ameota meno mawili.

Sasa nikueleze habari za mkeo, maana najua umesikia za Mama tu.

Naomi alitoka kujifungua akiwa mzima. Haikupita muda akaanza kulia. Usingizi ukamkimbia hata mtoto akiwa amelala. Akawa hali, haogi, anamwangalia Gabriel kama mtoto wa jirani. Mama akasema ni uvivu, akamnyima uji wa ulezi. Wageni waliokuja kumwona mtoto aliwapitisha kwanza chumbani: "Njooni mwone mama asiyetaka mwanawe." Naomi alijifunika khanga usoni.

Ndipo ulipopiga simu. Mama aliweka sauti kubwa, sote tukakusikia. Ulisema, "Hata mbuzi anajua kunyonyesha. Kama imemshinda, arudi kwao." Wanawake wakacheka, kaka. Naomi alikuwa amekaa pale pale mlangoni.

Kesho yake alinipa mtoto. Akaniambia, "Jeno, mchukue. Naogopa kubaki naye peke yangu. Naona mngepumzika kama nisingekuwepo."

Nilimpeleka hospitali mjini siku ile ile. Daktari alisema ni sonona, inawapataga wanawake wengi wakishajifungua, inatibika, na si uchawi wala jeuri. Akampa vidonge, akanisihi asiachwe peke yake.

Mama alivimwaga chooni. Alisema nyumbani kwake hazinywewi dawa za vichaa. Kisha akazitia nguo za Naomi kwenye kiroba, akaita bodaboda, akamrudisha kwao Kibara bila mtoto. Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni lake mpaka tumboni. Mama alisimama na Gabriel uani akimwambia, "Mpungie mkono, anakukimbia."

Kwao walimpokea. Baba yake, mzee Ephraim, alimpeleka kliniki Bunda kila alipotakiwa, na vidonge akavisimamia mwenyewe. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, siku nyingine hakuamka kabisa. Taratibu akaanza kula, akaanza kumsaidia mama yake kazi za dagaa.

Alipopata nguvu akaja kumwomba mtoto. Mama alimpa amshike. Gabriel akalia, akamnyooshea Mama mikono. Mama akapiga makofi: "Hata yeye amekukataa!" Naomi alimrudisha taratibu, akaondoka.

Kutoka pale alikwenda ustawi wa jamii. Nikaitwa kuwa shahidi. Nilisema yote niliyoyaona, pamoja na maneno yako. Gabriel amerudishwa kwa mama yake. Mwanzoni alimlilia bibi yake mpaka sauti ikakauka, sasa anasinzia kifuani kwa Naomi. Mimi Mama amenifukuza, ndiyo maana nimepanga chumba huku mjini, kwa mama Hasna.

Nilimuuliza Naomi kama atakurudia. Alinijibu bila hasira: "Mama yenu hakunioa. Aliyenioa alisema nirudi kwetu, nami nimerudi." Kama unalo jibu, njoo umwambie mwenyewe, usimtume Mama wala usinitume mimi.

Shangazi Matrida anakusalimu sana, na baba mdogo Mwikwabe anauliza utakuja lini. Mzee Ephraim hana ugomvi, anakuombea afya. Naomi nilimuuliza kama ana salamu zako. Akaendelea kuanika dagaa.

Mungu akulinde na mashine za huko, akupe moyo mwingine.

Ni mimi mdogo wako, na bado nakupenda,

Jenoveva