Shamba la Bondeni Tumelimaliza Kabla ya Mvua Kukatika

Kijiji cha Mollo,
Sumbawanga.
28 Aprili, 1996.

Mpendwa mjukuu wangu Christopha,

Miaka mitatu! Hata mbuzi mpotevu hurudi akiona jua linazama, wewe umeshindwa nini? Mabasi ya watu binafsi siku hizi yanagombea abiria. Nakuuliza kwa hasira, lakini nakuuliza: u mzima? Kifua kimepona? Unakula? Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi wazima, ila goti langu, nalo nimelizoea. Anayeandika ni mama yako mdogo Silvana. Anataka kupunguza makali, nimemkataza.

Barua yako nimesomewa. Kumbe kiwanda kimepata mwenye mali mpya, umefanywa mkuu wa zamu, kazi inabadilika kila siku na watu hawakusikii. Unaniuliza mimi, nisiyejua hata a, ufanyeje. Umeuliza mahali penyewe, mume wangu, maana mwaka huu nimefundishwa na wanawake ishirini.

Kijiji kilitupa akina mama lile shamba la bondeni kwa sharti tulipige ntumba lote kabla mvua haijakatika. Tukishindwa, linakwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, aliyekuwa akija na pikapu yake kila Jumamosi kututazama kama fisi. Na ntumba haisubiri. Nyasi zifukiwe ndani ya kila kituta cha mviringo zikiwa mbichi, udongo ukiwa laini. Mvua ikienda, ardhi ni sakafu.

Wakanichagua niwaongoze, nikaharibu. Niliwapanga mstari mmoja kama mama yangu alivyotupanga, kila mtu asubiri niseme. Maji yakajaa upande wa chini, watu wakasimama na majembe wakinitazama mimi. Wiki mbili, robo ya shamba!

Asubuhi moja Kristiana, mke wa Flavian, akachukua wenzake wanne wakapanda upande wa juu bila ruhusa. Nikamfuata na fimbo.

"Nani amekutuma?"

"Udongo, mama. Huku unalimika, kule matope. Wewe ulikuwa bado unafunga kanga."

Wakacheka wote. Nilitaka kumchapa. Nikatazama ntumba zake, zimekaa vizuri kuliko zangu. Nikaishusha fimbo, nawe unajua kushindwa kunavyoniuma.

Kesho yake nikasema mbele ya wote kwamba nimekosea. Sikupungua hata kilo. Wakajigawa watano watano, kila kundi likachagua pa kulima. Kabla ya kushika jembe tunasimama kidogo. Nasema tunasimama, maana tukikaa maneno yanazaa. Kila kundi linasema limefika wapi na limekwama wapi. Wenye nafuu wanakwenda kwa waliokwama. Mambo ya wiki ijayo nilikataza kuyapanga, mvua haijatupa ratiba yake.

Ukabaki upande mgumu. Mboje, yule Msukuma aliyehamia na ng'ombe, akasema maksai wake watasaidia. Wafipa wetu wakamzomea: "Ng'ombe apige ntumba? Na ugali atasonga?" Nikasema tumpe kipande kama uwanja wa nyumba, tuone. Siku ya kwanza plau likavuruga kila kitu. Ya pili akalipunguza kina, likakata nyasi na udongo wake vipande vipande, sisi tukavipindua na kuvirundika. Tukamwachia upande wote.

Alhamisi, wiki mbili zilizopita, tukamaliza! Ijumaa ikanyesha mara ya mwisho, tangu hapo hakuna tone. Jumamosi yule bwana wa pikapu akatukuta tunacheza ngoma, pombe ya ulezi imejaa vibuyu. Mwenzetu Cornelia akamwambia, "Karibu baba, jembe lako liko wapi?" Akageuza gari. Shamba ni letu, mwenyekiti ameandika.

Basi muulize anayeshika mashine kabla hujamwamuru. Jambo jipya lijaribu padogo. Ukikosea, sema wewe kabla hawajakusema.

Msalimie mkeo Asnath, na mwanao Rafaeli umbusu masikio. Isdori na Dominika hapa nyumbani wanakusalimu. Mungu akupe sikio kubwa kuliko mdomo.

Njoo mwezi wa sita tukivuna maharage tuliyopanda juu ya ntumba. Ukishuka stendi usipitie nyumbani, hutamkuta mtu. Njoo moja kwa moja shambani, umwamkie Kristiana, naye atakuonyesha pa kuanzia. Usiniulize mimi, mimi pia nitakuwa nangoja aniambie.

Ni mimi bibi yako, mkeo wa kwanza, nikupendaye hata nikikugombeza,

Hellena