Mwalimu, Bado Namwonea Rehema Wivu

Shikamoo, Mwalimu Chilewa.

Marahaba yako nitaidai siku tukionana. Leo nimefungua ofisi ya Chang'ombe peke yangu, nikafuta vumbi kwenye kiti chako, kisha nikakaa kwenye changu. Chako bado kinanishinda. Rehema alikikalia siku ile ile aliyofika kutoka Misri, akazunguka nacho huku analia na kucheka, wala hakumwomba mtu ruhusa. Hapo ndipo nilipojua kwamba wivu wangu hatukuuzika pamoja na wewe.

Nakuandikia kwa sababu nikimweleza aliye hai ataniambia, "Tabitha, muogope Mungu."

Tulikuwa wawili uliotufundisha ile mashine ya kupimia kwa leza. Tuliipigia kuta za majengo ya Mtumba mpaka vumbi likatuingia masikioni, na ukawa unasema hakuna wa kwanza wala wa pili. Halafu timu ya Luxor, kule Misri, ikatafuta mpimaji wa makaburi ya wafalme wa kale, nafasi moja tu, ukamtaja Rehema. Nilipokuuliza kwa nini, ulijibu huku unasafisha miwani: "Rehema anaruka, wewe unasimama. Ofisi inahitaji anayesimama."

Basi nikasimama. Nilikuwa nimesimama pale pale presha ilipokuangusha. Mimi ndiye niliyekupakia garini, mimi niliyekushika mkono hospitalini. Na ulipofumbua macho mara ya mwisho, Mwalimu, hukuuliza mimi ni nani wala mama, mkeo, yuko wapi. Uliuliza, "Rehema amepiga simu?"

Nikasema amepiga, anakusalimu sana. Hakuwa amepiga. Alikuwa chini ya mlima, ndani ya kaburi la mfalme, mtandao haufiki. Lakini ulitabasamu, na tabasamu lile halikuwa langu.

Tulikuzika Hombolo, nyuma ya nyumba, ulipotaka mwenyewe. Rehema alifika watu wameshavuna mtama. Mama alimpokea kwa salamu ya kwenu, "mbukwa, mwanangu", akamkumbatia mpaka kitenge kikamdondoka. Jioni Rehema akafungua kompyuta sebuleni, na kaburi la Misri likatokea humo zima, ngazi zake, dari yake ya nyota, kuta zilizojaa watu waliochorwa wakibeba mikate na bata. Alivyokuwa akiligeuza, ungedhani ameshika kibuyu mkononi. Wajukuu wako walipanda juu ya viti. Mama akasema, "Kumbe macho ya mzee wangu yamefika mpaka kwa Farao!"

Mimi nilikuwa jikoni, nasugua sufuria ya ugali. Niliisugua mpaka ikang'aa kuliko siku iliyonunuliwa.

Kesho yake asubuhi Rehema alikwenda kukusalimu kaburini. Alirudi mbio. "Tabi, hili korongo la maji lilikuwa karibu na kaburi hivi?"

Nilikasirika. Kila Jumapili nipo pale, yeye amekuja jana. Nikamwambia korongo ni lile lile. Hakubishana. Akanisimulia kwamba kuna ukuta mmoja kule Luxor ambao kwa macho hauna kasoro. Waliupima kwa leza, wakaupima tena msimu uliofuata, wakalaza vipimo viwili kimoja juu ya kingine kwenye kompyuta, wakakuta plasta imevimba kwa ndani kama tumbo la mtungi. Mafundi wakajua pa kuingiza chokaa kabla picha hazijadondoka. "Ukiangalia kila siku, jicho linazoea," akasema.

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Lakini kipimo cha zamani nilikuwa nacho mimi. Unakumbuka ulipotaka ua wako upimwe, mimi na wewe, ukanikataza nisikanyage mbegu za mama? Tulikifungua kipimo kile, tukaipeleka mashine tena, tukalaza viwili pamoja. Korongo lilikuwa limekula ardhi upande wako. Na chini ya ukingo maji yalishachimba pango, kaburi lako limekaa juu kama sahani kwenye ukingo wa meza. Tulitazamana. Tukaenda kumwambia mama.

Kikao cha ukoo kilikuwa kigumu. Wajomba walitaka uhamishwe. Baba mdogo akapiga fimbo chini: "Mtu hazikwi mara mbili!" Mama akauliza kama korongo linaweza kuzuiwa. Rehema akanitazama mimi, nikajibu linaweza, tukianza kabla ya mvua. Kijiji kikatoka na majembe na mikokoteni. Tulijaza mawe kwenye nyavu za chuma, tukayapanga chini ya ukingo, tukayageuzia maji njia, tukapanda mkonge. Rehema alitoka malengelenge mikono yote miwili. Nakiri nilifurahi kidogo.

Siku tuliyomaliza, tukiwa tunanawa, akasema bila kunitazama, "Msimu huu nenda wewe Luxor. Nimeshawaambia, wamekubali."

Kazi ya kule hufanyika miezi ya baridi yao, ndiyo miezi ya mvua yetu, na kila mvua kubwa ikipita ukingo wako lazima upimwe. Nikamjibu nilichokuwa nimekiweka moyoni tangu alipoondoka: "Sitaki makombo yako."

Alikaa kwenye tope la maji tuliyonawia, na gauni lake zuri.

"Makombo? Tabi, wewe ulimshika mkono. Ulimzika. Mimi nilikuwa napima kaburi la mtu nisiyemjua siku mwalimu wangu anaingia lake. Unadhani nalala? Nakuonea wivu mpaka naumwa. Niachie mvua hizi tu nikae naye."

Sikuwahi kufikiri kwamba nina kitu anachokitaka Rehema. Nilikaa naye topeni. Tulilia kama watoto, mama akatukuta, akatufukuza tukaoge.

Pasipoti imetoka. Naondoka wiki ijayo. Na unajua nini, Mwalimu? Tangu jana namwonea wivu tena, maana yeye ndiye atakayesikia mvua ya kwanza ikipiga bati la mama, yeye ndiye atakayekuja mbio kukutazama kukipambazuka, naye mama atamwita mwanangu na kumpa uji. Moyo wangu hauna adabu.

Lala salama, Mwalimu. Nakuahidi nitazipima kuta za wale wafalme kwa mkono ulionifundisha, taratibu, bila kuegemea kitu. Mvua zikiisha nitarudi Hombolo kabla sijafika hata kwetu, nitalaza vipimo vya Rehema juu ya vyangu, na kama ukingo wako umesogea hata unene wa ukucha, atanieleza.

Ni mimi, mwanafunzi wako wa kwanza. Safari hii huwezi kubisha.

Tabitha