Mgeni wa Saba

San Jacinto, Oaxaca
Jumamosi, 26 Oktoba

Mwanangu Amparo,

Hujambo huko Tijuana? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila goti ndilo hilo, halina adabu. Naandika kwenye karatasi kama kawaida, kisha naipiga picha nikutumie. Kubonyezabonyeza simu kumenishinda.

Wageni wa Licha wamefika, kawaleta kwa gari lake la watalii. Wiki nzima watalala hapa, watapika nami, tutakwenda sokoni, mpaka siku ya wafu. Licha aliniambia sita. Mezani nikahesabu saba. Sikuuliza, mwenye njaa haulizwi jina. Huyo wa saba ni binti mdogo mwenye viatu vyeupe kwa vumbi. Wengine ni watu wa mijini, wanapiga picha hata kitunguu.

Rosaura ameandika? Mwambie dada yako simu zinafika hata huku milimani. Miaka kumi na sita napokea salamu za mtoto wangu kwa mdomo wako tu.

Mama yako


Tijuana
Jumapili, 27 Oktoba

Mama mpendwa,

Nakubusu mkono. Kifua kimepona, kibanda changu cha chakula kinajaa kila siku, nashukuru. Rosaura hajambo, anakusalimu sana kutoka Chicago. Mumewe kapata kazi mpya. Anasema mwakani, Mungu akipenda, atakuja.

Usiwabebe hao wageni mgongoni. Na huyo wa saba, Licha amekosea hesabu tu.

Mwanao Amparo


San Jacinto
Jumanne, 29 Oktoba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi sijui nikoje.

Jana tulipika mchuzi wa mole nyeusi. Unajua ninavyounguza mbegu za pilipili mpaka ziwe makaa. Moshi ulipopanda wote walikimbilia uani wanakohoa, yule mzee wa Puebla akipiga kelele, "Doña Eufemia, unatuua!" Binti akabaki kando ya moto. Hakukohoa hata mara moja. Akapiga magoti penye jiwe la kusagia, akaanza kusaga, kisigino cha kushoto juu. Amparo, nani mwingine anasaga hivyo? Nilimgombeza Rosaura kwa kisigino hicho mpaka nikachoka.

Nikamwuliza, "Umefundishwa na nani?"

"Na mama."

"Mama yako yuko wapi?"

Akanitazama, akasema, "Anapika."

Mtungi wa maji chumbani kwake kila asubuhi ni mkavu. Nimemwekea miwili, yote mikavu. Na mbwa wetu, anayembwekea hata padri, analala miguuni pake.

Rosaura sasa ana miaka thelathini na mitatu. Huyu hazidi kumi na saba. Niambie kweli, dada yako alizaa binti mkanificha?

Mama yako


Tijuana
Jumanne, 29 Oktoba

Mama,

Nakubusu mkono. Rosaura hana binti. Usimwulize huyo msichana chochote. Mwambie Licha amwondoe leo hii. Nakuomba.

Amparo


San Jacinto
Alhamisi, 31 Oktoba

Amparo,

Hujambo? Jana nilisubiri simu yako kutwa nzima.

Leo Licha kaleta maua ya meza ya marehemu. Nikamwuliza jina la huyu wa saba. Akacheka: "Umeshalewa mezcal asubuhi yote hii? Wako sita, nimewaendesha mwenyewe!" Nikampeleka mezani nimwonyeshe. Kiti kitupu. Chakula kimeliwa, sahani imepanguswa kwa mkate wa tortilla. Nikawageukia wageni. Mzee wa Puebla akanijibu taratibu, kama anayesema na mgonjwa: "Tulidhani kuweka sahani ile ni desturi ya hapa, mama."

Mchana nikamkuta jikoni, anafunga unga wa tamale kwa majani ya mgomba. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kiroboto hajambo?"

Hakuna aliyekuita Kiroboto ila Rosaura.

Kesho ni siku ya meza, marehemu waje kula. Picha ya baba yako nimeiweka, na ya bibi. Ya Rosaura ninayo mkononi. Picha ya aliye hai haiwekwi pale. Niambie niiweke wapi.

Mama yako


Tijuana
Ijumaa, 1 Novemba, alfajiri

Mama,

Sina uso wa kukusalimu.

Rosaura hakufika Chicago. Hakufika popote. Siku ya tatu ya kuvuka mpaka, jangwani, mguu wake ulivimba. Mtu aliyekuwa akituvusha akasema asiyeweza kutembea abaki. Tulikuwa na dumu moja la maji. Rosaura akasema, "Chukua, Kiroboto, utanirudia na watu." Nikachukua, mama. Nililichukua lote. Nilipopata watu, upepo ulikuwa umefuta nyayo. Tulitafuta siku mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilipokupigia simu nilitaka kusema. Ukaniuliza, "Mmefika wote?" Nikasema ndiyo. Baadaye nikamwoza mume, nikampa nyumba, ili mimi nipate usingizi. Na miaka yote hii hakuna aliyemwita nyumbani kula, kwa sababu yangu.

Iweke mezani.

Amparo


San Jacinto
Jumamosi, 2 Novemba

Amparo,

Barua yako niliisoma jana nimesimama, kisha nikaketi sakafuni. Sikufichi, saa nzima nilikuchukia. Sijui kama imekwisha yote.

Halafu nikainuka. Nikaiweka picha yake kando ya baba yenu, tukamwaga maua kuanzia mezani mpaka njiani. Wageni walinisaidia bila kuuliza. Mzee wa Puebla alikuwa akichambua maua huku analia.

Alikuja adhuhuri, kengele zikilia. Mara hii aliingia kwa mlango wa mbele. Akala mole, akala tamale mbili na mkate. Nikamsuka. Nywele zilijaa mchanga, na kila nikiukung'uta unazidi. Hata leo uko hapa mapajani mwangu ninapoandika. Nikamwambia, "Nisamehe, sikujua kuwa ilinipasa kukuita." Akasema, "Nilisikia harufu ya pilipili, mama. Nikaifuata."

Leo wageni sita wamenikumbatia wakaondoka. Yeye alitangulia asubuhi. Marehemu wengine huenda upande wa makaburini. Yeye alisimama mlangoni, akaniuliza unakaa mtaa gani. Nikamwelekeza: nyumba ya ngazi za buluu, juu ya duka la matairi. Nikamwuliza, "Unamwendea kwa jema?" Akashika njia ya kaskazini, kwa miguu.

Mwanangu, sijui anataka nini. Mimi ni mama yenu nyote wawili, sikuweza kumnyima. Njia ni ndefu, hatafika leo. Pika. Akigonga, mfungulie.

Mama yenu