Mbwa Uliyeniagiza

Kambi ya mkonge, bondeni Bendera

Mpwa wangu Eliamini,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha, ndivyo dada yangu alivyokulea. Kifua chake kimepona? Migomba imestahimili upepo? Mimi ni mzima kama reli. Juzi chatu alijilaza njiani, nikamruka kama mzizi, nikaenda zangu kazini.

Uliniagiza mbwa wa kufukuza nyani shambani. Ukaniuliza pia kama ni kweli asemavyo mwalimu wenu, kwamba mbwa wote zamani walikuwa wa porini. Ni kweli. Nimeyaona mwenyewe, tena waliozoea watu huku walizoezwa na mimi, mtu asikudanganye.

Nilipopewa jiko la manamba, vibarua wa mkonge, mbwa mwitu walikuwa wakisimama mbali, mwisho wa mistari ya mkonge, wakinitazama nikitupa mifupa. Masikio kama majani ya magimbi. Masika yaliyofuata wakasogea hadi shimo la taka. Kisha jike lao likazaa korongoni hapa jirani, na watoto wake hawakujua kuniogopa. Walinikuta tu, kama walivyolikuta jua. Mmoja akachukua mfupa mkononi mwangu. Manamba wakaacha kula, wakabaki kunikodolea macho.

Basi mbuzi wa mzungu wetu, meneja wa kampuni, wakaanza kupotea. Watu wake wakatega nyama yenye sumu porini, mbwa mwitu wasiiguse. Ndipo nyapara akaja jikoni na ndoo ya nyama ile.

"Kwa mkono wako watakula, Mzee Mbazi."

Nikamwambia kwetu milimani aliyekula kwenye mafiga yako hadhuriwi.

"Mafiga ni ya kampuni," akasema. "Na wewe pia."

Ningekataa, ningeondoka kambini siku ile ile. Nikamfunga yule mdogo aliyechukua mfupa mkononi mwangu ghalani kwa kamba ya katani, nikaenda kumwaga nyama pale pale walipozoea. Walikuja mbio, mikia yao yenye ncha nyeupe ikicheza. Mimi niliyemfukuza kifaru kwa mwiko, mpwa wangu, sikuweza kuwatazama.

Asubuhi nikamfungua. Akamnusa mama yake, akawanusa wenzake mmoja mmoja, kisha akaja kuninusa mkono. Nikangoja aniume. Akalala miguuni pangu. Mwambie mwalimu siku waliyogeuka mbwa mimi naijua.

Tangu hapo, jua likizama, hukaa ameuelekea mkonge na kuita: huu, sauti ya chini kama mtu anayepuliza chupa. Kisha husimamisha masikio. Manamba wamehamishia vitanda upande wa pili wa kambi. Wanasema anajibiwa. Mimi sijasikia kitu, na masikio yangu husikia treni ikiwa bado Same. Ila siku hizi naye akinyamaza, mimi huacha kukoroga ugali, nikasikiliza.

Nampandisha treni ya mizigo, mpokee Same. Huko juu kuna mbwa wengi, huenda mmoja akamjibu.

Msalimie mama yako, mwambie kaka yake hajakonda. Msalimie mkeo, na yule mzee mpiga kengele wa kanisani aliyeniambia sitadumu huku.

Usimfunge kamba. Chakula usimpe kwa mkono. Kiweke chini, uondoke, ale mwenyewe akitaka.

Ni mimi mjomba wako,
Mbazi