Wito Uliopokelewa na Shemeji

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa usalama wake; kazini anaitwa Mama Pasi
Umri: miaka 43
Kazi: mpiga pasi, chumba cha kufulia nguo cha hospitali
Makazi: nyumba ya kupanga, nyuma ya shule ya msingi
Yameandikwa: Alhamisi, tarehe 12 Mei, kuanzia saa 7:40 mchana

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nina akili timamu na ninasema kwa hiari yangu, ila si kwa utulivu, na nimemwomba afande aandike hivyo. Aliyeumizwa ni mdogo wangu wa tumbo moja, muuzaji katika duka la vitambaa. Mtuhumiwa ni mumewe, yaani shemeji yangu, fundi wa kuchomelea mageti.

Mnamo tarehe 4 Februari, saa 12 jioni, nilikuwa jikoni kwao namenya vitunguu. Shemeji aliingia akauliza kwa nini simu ya mke wake ilikuwa imezimwa. Mdogo wangu akajibu chaji imeisha. Shemeji akampiga kwa kigoda, akamvunja mkono wa kushoto. Niliona kwa macho yangu mawili. Jioni hiyohiyo tulikuja kituo hiki tukaandikisha maelezo, naye akakamatwa. Mdogo wangu akahamia kwangu. Hadi hapo sina lawama.

Tarehe 18 Februari mahakama ilimpa dhamana, kwa sharti la kuripoti hapa kila Jumatatu. Hatukuambiwa. Mdogo wangu alijua siku alipogeuka kwenye foleni ya unga akamkuta nyuma yake. Nilikuja kuuliza. Mpelelezi akasema kutuarifu ni kazi ya ofisi ya mashtaka. Ofisi ya mashtaka wakasema ni kazi ya mpelelezi. Ofisi hizo mbili zimetenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni wa mbao.

Mwezi Machi nilikuja mara mbili kuulizia siku ya kesi. Sajenti wa kaunta akanijibu, "Mama, tulia nyumbani, ukihitajika utaitwa." Nikatulia. Nimelelewa kuheshimu serikali. Nikampigia mdogo wangu pasi gauni la kuvaa mahakamani, likaning'inia nyuma ya mlango mpaka likashika vumbi.

Jumatatu, tarehe 25 Aprili, shemeji alipita mbele ya nyumba yangu akipiga mluzi. Akasimama dirishani akasema, "Shemeji, mbona kesi mmeikimbia?" Nilidhani amelewa. Hata hivyo, tangu siku hiyo nilikuwa nikimfuata mdogo wangu kazini kila alasiri, turudi pamoja.

Tarehe 2 Mei nilikwenda mahakamani. Karani, binti mpole, alifungua jalada. Kesi ilikuwa imefutwa tarehe 22 Aprili, kwa kuwa mashahidi hawakutokea mara tatu. Akanionyesha nakala za wito: wa tarehe 11 Machi, wa tarehe 1 Aprili na wa tarehe 22 Aprili. Zote zimeandikwa jina langu na la mdogo wangu. Chini, palipoandikwa "Umepokelewa na", pana sahihi ya shemeji yangu, na pembeni mwandiko wa askari: "ndugu wa mashahidi".

Narudia ili ieleweke. Mshtakiwa alikuja hapa kuripoti. Sajenti hakuwa na pikipiki, akaona huyu si anaelekea hukohuko, akampa wito wetu atuletee. Mara tatu. Mmemkabidhi fisi bucha, kisha mkaandika kitabuni kwamba nyama imefika. Mwendesha mashtaka akaipeleka karatasi ile kwa hakimu. Jina la mshtakiwa liko juu, na jina hilohilo limetia sahihi chini. Hakimu naye akaisoma. Hakuna aliyeuliza. Karani anasema shemeji mwenyewe hakuchelewa mahakamani hata siku moja, na alivaa tai.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa mwendesha mashtaka. Akasema kesi inaweza kufunguliwa upya, polisi wakirudisha jalada lao. Nikaja hapa, nikaambiwa jalada haliendi bila barua ya mwendesha mashtaka. Nilipigwa danadana siku nne. Nilimwambia wazi mwendesha mashtaka, "Huyu mtu atamrudia." Akanijibu, "Mama, usitangulize mabaya."

Jumatatu, tarehe 9 Mei, saa 9:15 alasiri, nilifika dukani kumchukua mdogo wangu. Shemeji alikuwa anatoka mlangoni, mkononi ana mkasi wa kukatia vitambaa. Akanitazama usoni, akasema, "Shikamoo, shemeji." Nami kwa mazoea nikaitikia, "Marahaba." Hilo sitajisamehe. Ndani nilimkuta mdogo wangu chini, kati ya kaunta na majora, amechomwa shingoni na mgongoni. Nilimfunga shingo kwa kitambaa cha kwanza nilichokigusa nikapiga kelele. Wenye maduka wakamkamata shemeji kwenye kona. Hakukimbia, alikuwa anatembea tu.

Mdogo wangu yuko wodini ghorofa ya juu ya chumba ninachofanyia kazi. Yu hai. Hawezi kusema, na daktari hajui kama atasema tena. Kwa hiyo mtu wa kusema ni mimi.

Afande ameniambia nieleze ya tarehe 9 Mei tu, kwa sababu mengine ni ya jalada lililofungwa. Nimekataa. Mtuhumiwa anafikishwa mahakamani kesho asubuhi na ataomba dhamana. Mwendesha mashtaka asipokuwa na habari za kigoda na za wito, hakimu ataona mwanamume mwenye tai asiye na kesi nyingine, atampa. Akitoka, anajua wodi iko wapi. Nataka maelezo haya yafike mkononi mwa mwendesha mashtaka leo.

Nimesomewa yote. Mahali palipoandikwa "ugomvi wa kifamilia" nimeomba pafutwe, pamefutwa. Hakukuwa na ugomvi, alipiga yeye. Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasema, na nikiulizwa popote sitapunguza neno.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, na kumsomea shahidi akayakubali. Nakala ya ofisi ya mashtaka ilikuwa tayari saa 9:20 alasiri. Askari wa kuipeleka hajapatikana. Shahidi aliomba aipeleke mwenyewe mlango wa pili. Amekataliwa, kwa kuwa utaratibu hauruhusu hati ya kesi kukabidhiwa raia. Saa 11:30 jioni ofisi ya mashtaka imefungwa. Shahidi bado amekaa kwenye benchi.