Amplifaya ya Baba Yako Usiifungue Kwanza

Karakana ya Redio,
Nyuma ya Duka la Mbao, Mlango wa Kijani.
Tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa mwanangu, binti wa mdogo wangu,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, kifua kimepona, na baridi ya huko imekuzoea maana wewe hutaizoea. Mimi sijambo. Goti la kulia linagoma na macho yanataka karatasi niiweke mbali mpaka mkono unaishia, lakini pasi ya kulehemu nikiishika haitetemeki. Uliza mtu yeyote mtaa huu.

Usishangae mwandiko. Shule niliiaga darasa la pili, na hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Dada yako alitaka kuniandikia nikamkatalia. Ndiye niliyemtuma akupigie simu akwambie amplifaya ya baba yako usiifungue mpaka usome haya. Najua ulinuna. Soma.

Umeuliza ununue kapasita zipi, zile ambazo sisi wazee tunaziita kondensa. Mvumo unaousikia hata kabla hujagusa uzi wa gitaa unatoka kwenye zile kubwa mbili zilizosimama kama vikopo. Zimekauka ndani, nazo zina umri wako. Hizo badilisha zote mbili. Mule ndani volti zinafika mia nne, basi nunua za mia tano, mtungi haujazwi mpaka mdomoni. Chanya na hasi usizigeuze, ukizigeuza zitakupasukia usoni. Na huyo muuzaji uliyemtaja akikwambia weka zenye ujazo mkubwa zaidi ndiyo nguvu, mwache na nguvu zake. Ukizidisha, valvu, ile taa ya kioo inayopokea umeme, inavutwa kupita kiasi kila ukiwasha, mwisho inaungua. Weka kipimo kilekile cha ujazo kilichoandikwa ubavuni.

Zile ndogo zinazopitisha sauti kutoka valvu hadi valvu, kama hazivuji usiziguse. Anakuuzia za rangi ya dhahabu, sawa, lakini dhahabu haisikiki. Ile ya kahawia karibu na valvu ya kwanza niliiweka mimi. Ni ndogo kuliko ya kiwandani, inazuia besi isijae matope, ndiyo maana gitaa la baba yako lilikuwa likisema na mtu mmoja mmoja ukumbini. Mafundi watatu walikuja kuchungulia nimefanya nini, wakaondoka na macho yao.

Sasa yale yaliyonifanya nichane karatasi.

Siku nilipoiweka hiyo ya kahawia niliona rezista, kile kijiti cha kuzuia umeme, imekaa mgongoni mwa kondensa kubwa, ya moto, haipitishi sauti, haifanyi kitu. Nikasema hii inakula umeme bure, nikaikata. Baba yako akaniuliza, "Kaka, kiwanda kizima kiliiweka bure?" Nikamwambia kiwanda hakijanishinda mimi. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikiumwaga umeme unaobaki ndani ya kondensa ukishachomoa waya ukutani. Bila hiyo kondensa inakaa imeshiba, kimya, inamsubiri mtu.

Nawe neno langu unalijua. Kila aliyeingia karakana hii nilimwambia, ukichomoa imekufa. Hata wewe ulipokuwa ukikaa juu ya kopo la rangi kunitazama nilikufundisha hivyo. Hilo ndilo linalonitia hofu, maana ulikuwa msikivu.

Baba yako naye aliniamini. Mwaka uliofuata skrubu ilidondoka ndani, akachomoa waya mbele yangu, akaingiza mkono wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi. Mkono ulirushwa ukapiga jiriwa, lile bano la chuma la mezani, vidole viwili vikavunjika. Akakaa sakafuni anautazama. Akasema, "Kaka, maiti yako imenipiga teke." Akacheka. Mimi sikucheka.

Nyumbani akasema ameanguka ngazi. Mama yako alimtania miaka na miaka, mwanaume mzima unaangushwa na ngazi ya vidato vitatu, naye akakubali kutaniwa. Vidole viliunga vibaya, ukumbini hakurudi, watu wakasema amechoka na muziki. Hakuchoka. Alinisitiri mimi ili wateja wasinikimbie, nami nikamwacha anisitiri mpaka tukamzika. Na ile rezista sikuirudisha, maana kuirudisha ni kukiri.

Basi fanya hivi. Nunua rezista mbili za omu laki mbili na ishirini elfu, wati mbili kila moja. Chomoa waya wa ukutani. Rezista ya kwanza ifunge waya wenye kibanio, kibanio kiing'ate chasi, lile sanduku la bati, kwanza, kisha mguu wa pili ushike kwa koleo yenye mpini wa plastiki uuguse kwenye chanya ya kondensa kubwa. Mkono mwingine uweke nyuma ya kiuno. Hesabu mpaka mia mbili, polepole. Rudia kwenye kondensa ya pili. Halafu pima volti zake kwa mita. Usiniamini mimi, iamini mita. Isiposoma sifuri, anza upya.

Ile rezista nyingine ilehemu pale nilipokata, mguu mmoja chanya, mmoja chasi. Utapaona. Vipande viwili vya waya bado vimesimama kama meno yaliyovunjika. Na hata ikishakuwepo, kila ukifungua pima.

Jana nilikwenda kwa mama yako, sikutaka ayapate haya kwako. Nilikaa kiti cha baba yako, hakikuwepo kingine. Nikamweleza yote, naye anakunja nguo tu. Nilipomaliza akasema, "Shemeji, siku ile ngazi nilikuwa nayo mimi. Napaka chokaa jikoni tangu asubuhi."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aone haya. Mwenzako amekwenda nalo, nikabaki nakungoja wewe." Kisha akanimiminia chai, nikainywa.

Anakusalimu sana. Dada yako anakusalimu, anasema mtoto ameota meno mawili. Mshona viatu wa mlango wa pili, yule uliyemwita Babu Gundi, bado anauliza lini utakuja umpigie gitaa, mimi namwambia, na sauti ya gitaa hilo unadhani ni kazi ya fundi gani?

Mungu akulinde mikono yote miwili na vidole vyote kumi. Niandikie mita imesoma ngapi. Hilo kwanza, kunisamehe kunaweza kungoja.

Ni mimi nikupendaye tangu kopo la rangi,
Baba yako mkubwa.